Saa ya Heshima: Tazama Mtambo Kwanza, Uso Baadaye

Mtu wa Migori aliyezoea biashara ya dhahabu hahitaji kuambiwa ya kuwa macho hudanganya. Aletewapo punje kutoka machimbo ya Macalder hatosheki na mng'ao wake, bali huziweka katika mizani na kuzichunguza, ndipo ataje bei. Lakini mtu huyo huyo aendapo kununua saa ya mkono, mara nyingi hutazama uso wake tu. Akiona rangi ya dhahabu na tarakimu nzuri, hutoa fedha mara moja. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Somo letu la leo ni juu ya kile kilichomo ndani ya saa, yaani mtambo wake, na namna ya kuuchagua.

MFANO WA WAJUMBE WATATU

Tuchukue mfano. Shule moja ya msingi, iliyo kati ya Rongo na Homa Bay, yataka kumuaga mwalimu wake mkuu anayestaafu. Wazazi wamechanga, huyu shilingi mia mbili, yule hamsini, na mama mmoja muuza omena ametoa ishirini. Wamekubaliana kumnunulia saa ya kuvalia suti, apate kuivaa kanisani, arusini na barazani. Watu watatu wametumwa mjini Homa Bay: mzee mwenyekiti, mama mweka hazina, na mwalimu kijana.

Mezani pa muuza saa wameonyeshwa saa tatu, zote za rangi ya dhahabu. Ya kwanza ni ya betri. Ya pili ni ile ijitiayo ufunguo yenyewe mkono unapotikisika, ambayo watu huiita otomatiki. Ya tatu ni nyembamba, nayo hutiwa ufunguo kwa vidole. Waichukue ipi? Wakikosea, fedha itakayopotea si ya mtu mmoja bali ni mchango wa watu wote. Na aibu itampata mwalimu siku saa itakaposimama mkononi mwake mbele ya wageni.

Basi na tuwasaidie wajumbe hao kwa kujifunza kwanza namna saa ifanyavyo kazi.

MTAMBO WA KAMANI

Ndani ya saa ya kamani mna mambo manne makubwa. La kwanza ni kamani yenyewe, nayo ni utepe mrefu wa chuma uliozungushwa ndani ya kikopo kidogo. Utiapo ufunguo waukaza utepe huo, nao ukijikunjua polepole hutoa nguvu. La pili ni safu ya magurudumu yenye meno, yapelekayo nguvu hiyo mbele na kuzizungusha akrabu. La tatu ni kipande kidogo chenye umbo la nanga. Kazi yake ni kulizuia gurudumu la mwisho na kuliachilia jino moja moja, kama bawabu awapitishaye watu mlangoni mmoja mmoja. Ile sauti ya tik-tik tuisikiayo ni kugonga kwa nanga hiyo. La nne ni gurudumu la mizani, liyumbalo huku na huku kwa nguvu ya kamani nyingine, nyembamba kama unywele. Gurudumu hilo ndilo lipimalo wakati. Kamani ya unywele ililetwa katika saa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1675, na mpaka leo mafundi hawajaiacha.

Saa nyingi za zamani hugonga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 18,000 kwa muda wa saa moja. Nyingi za siku hizi hugonga mara 21,600 au 28,800, yaani mara 6 au 8 kwa sekunde. Igongayo mara 6 hugonga mara 518,400 kwa usiku na mchana mmoja. Msomaji asistaajabu, basi, akiona saa ya kamani imekwenda mbele au imekawia sekunde chache. Siku moja ina sekunde 86,400. Saa ikikosea sekunde 20 katika siku, ni sawa na mtu apimaye shamba kwa hatua 4,320 akakosea hatua moja tu.

MTAMBO WA BETRI

Saa ya betri haina kamani. Nguvu yake hutoka katika betri, na kipimo chake ni kipande kidogo cha jiwe la kwatsi kilichotengenezwa kiwandani. Wachimbaji wa Migori walijua jiwe la kwatsi, kwa kuwa dhahabu yao hupatikana katika mishipa ya jiwe hilo. Kipande cha saa kikipitiwa na umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya kwanza ya mkono ya namna hiyo kuuzwa madukani, Seiko Astron, ilitolewa mjini Tokyo tarehe 25 Desemba 1969.

Twapaswa kusema kweli: katika kwenda majira, saa ya betri huishinda saa ya kamani. Ya betri iliyo ya kawaida hukosea kama sekunde 15 au 20 kwa mwezi mzima, hali ya kamani yaweza kukosea kiasi hicho kwa siku moja. Tena ni rahisi kwa bei. Mtu atakaye kujua wakati tu, asipoteze fedha kwa kununua saa ya kamani. Ya betri yamtosha, na hata simu yake yamtosha.

Kwa nini basi watu wangali wakinunua saa ya kamani? Sababu ni mbili. Kwanza, haingoji betri. Saa ya betri ikisahauliwa sandukuni, betri iliyokwisha huweza kuvuja na kuula mtambo. Pili, saa nzuri ya kamani hufunguliwa, husafishwa, hutiwa mafuta, nayo ikaendelea miaka mingi. Mitambo mingi ya betri ya bei ndogo haitengenezwi, ikiharibika hutupwa. Zawadi itakiwayo kurithiwa na mwana na mjukuu yafaa iwe kitu kitengenezekacho.

KUJITIA UFUNGUO AU KUTIWA KWA MKONO?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wakoseapo, kwa kudhani ya kuwa otomatiki ni bora sikuzote kwa sababu ni ya ufundi mwingi zaidi. Ndani yake mna bamba zito lenye umbo la nusu duara. Mkono utikisikapo, bamba huzunguka na kuikaza kamani. Mwingereza John Harwood alipata hataza ya saa ya mkono ya namna hiyo huko Uswisi mwaka 1924. Ni chombo kizuri sana kwa mtu aivaaye saa kila siku, kutoka asubuhi mpaka jioni.

Lakini saa ya heshima haivaliwi kila siku. Saa nyingi za kamani, zikijazwa kabisa, huenda kwa muda wa saa 40 hivi, kisha husimama. Mwalimu akiivua otomatiki yake Jumapili saa kumi na mbili jioni, itasimama yapata Jumanne saa nne asubuhi. Jumapili ifuatayo ataikuta imelala, na itambidi aitie ufunguo na kuirekebisha, sawasawa na ile nyingine. Faida ya bamba lile i wapi? Nayo ina vipande vingi zaidi vya kusafishwa na kuharibika.

Tena kuna unene. Saa ya heshima yatakiwa kuwa nyembamba, ipate kupita chini ya mkono wa shati pasipo kukwama. Mtambo mmoja wa Uswisi wa kutiwa ufunguo kwa mkono, ETA 7001, una unene wa milimita 2.5 tu. Mtambo wa otomatiki wa Japani uitwao NH35, unaotumiwa katika saa nyingi, una milimita 5.32, yaani zaidi ya mara mbili. NH35 ni mtambo imara na usifiwao, wala hatuulaumu. Twasema tu ya kuwa haukutengenezwa kwa ajili ya saa nyembamba.

Na tarehe je? Saa nyingi za otomatiki zina kidirisha cha tarehe. Saa ikisimama siku tano, tarehe nayo yapitwa. Mwenye saa akiigeuza tarehe kwa haraka wakati akrabu zinapoonyesha kati ya tarakimu 9 na 3 za usiku, yaani tangu saa tatu usiku mpaka saa tisa usiku kwa hesabu yetu, aweza kuvunja meno ya gurudumu la tarehe, kwa kuwa wakati huo mtambo wenyewe umeshika kazi ya kuibadili. Kwa saa ya kuvaliwa mara moja kwa juma, isiyo na tarehe ina taabu chache.

Hata hivyo liko jambo moja la kuangalia. Mzee mwenye vidole vilivyokakamaa au vitetemekavyo hataweza kukizungusha kifundo kidogo cha ufunguo pasipo tabu. Huyo mnunulieni otomatiki au ya betri. Zawadi imfae apewaye, si wale watoao.

HABARI YA VITO

Muuzaji atawaambia, "Saa hii ina vito vingi." Vito hivyo ni nini? Ni yakuti itengenezwayo viwandani, wala si mali ya kuuza. Huwekwa mahali ncha za magurudumu zizungukapo, kwa kuwa ni migumu kuliko chuma na hailiki upesi. Mtambo wa kawaida wa kutiwa ufunguo kwa mkono ulio kamili una vito 17. Otomatiki huwa na 21, au 24, au 25, kwa ajili ya vipande vyake vya ziada. Zaidi ya hapo mara nyingi ni maneno ya biashara. Katika miaka ya 1960 zilitolewa saa zilizoandikwa vito 100, lakini vingi kati ya hivyo havikuwa na kazi kubwa ya kufanya.

Kwa upande mwingine, jihadharini na saa ya kamani ya zamani isiyo na kito, au yenye kito kimoja tu. Mwaka 1867 Georges Frederic Roskopf alitoa huko Uswisi saa ya bei ndogo, ambayo nanga yake ilikuwa na vijiti vya chuma mahali pa vito. Alifanya jambo jema, kwa kuwa aliwapatia maskini saa. Lakini vijiti hivyo hulika, na saa za namna hiyo hazistahili gharama kubwa ya matengenezo leo.

KUIJARIBU SAA DUKANI

Haya ndiyo mambo ya kufanya kabla ya kutoa fedha:

1. Itazame akrabu ya sekunde. Ikiruka mara moja kwa kila sekunde na kusimama, karibu sikuzote huo ni mtambo wa betri, hata ikiwa usoni pameandikwa otomatiki. Ya kamani huenda kwa hatua ndogo ndogo za upesi, kana kwamba yateleza.

2. Tia ufunguo polepole. Yapasa uzunguke kwa ulaini, wala usikwaruze. Saa ya kutiwa kwa mkono ikifika mwisho hukataa. Hapo acha, usiilazimishe. Otomatiki haikatai, maana kamani yake imefanywa iteleze ijaapo.

3. Zizungushe akrabu mpaka tarakimu 12. Zikikutana sawasawa, ni dalili njema.

4. Omba mgongo wa saa ufunguliwe na fundi. Mtambo wa kiwanda kijulikanacho mara nyingi huwa na alama na namba yake. Iandike namba hiyo. Muuzaji akikataa kabisa, mshukuru uende zako.

5. Omba ruhusa ya kuijaribu usiku na mchana. Ipatanishe na simu iliyounganishwa na mtandao, uilaze kifudifudi, kisha chali, kisha ubavu. Ikikosea chini ya sekunde 20, yafaa. Ikikosea dakika kadhaa, irudishe. Wala usiipatanishe na jua. Majira ya Kenya yafuata mstari wa longitudo 45 mashariki, na Migori na Homa Bay ziko karibu na 34 na nusu. Kwa hiyo jua la utosini kwetu hufika, kwa wastani, saa sita na dakika 42 hivi mchana.

6. Pata hati ya ahadi yenye tarehe, jina la duka na sahihi.

ADUI ZA MTAMBO

Wa kwanza ni vumbi la barabara zetu na mvuke wa ziwa. Saa ya heshima iliyoandikwa mita 30 si ya kuogelea mita 30. Hustahimili matone ya mvua na maji ya kunawa tu. Mtu apandaye mashua kwenda Rusinga na aiweke mfukoni. Wa pili ni mishtuko. Ncha za gurudumu la mizani ni nyembamba karibu na unywele, na ingawa saa nyingi zina vilinda-mshtuko, kupasua mawe au kulima ukiwa umeivaa ni kuitafutia kifo. Wa tatu ni sumaku. Saa ikilazwa juu ya kipaza sauti au karibu na sumaku ya simu, kamani ya unywele hushikana, na saa hukimbia mbele kwa dakika nyingi. Fundi mwenye kifaa aweza kuiondoa sumaku hiyo kwa muda mfupi. Wa nne awahusu wachimbaji: zebaki hushikana na dhahabu. Mtu ashikaye zebaki hali amevaa saa iliyopakwa dhahabu ataiona rangi yake ikiharibika.

NANI ATAITENGENEZA?

Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisahauliwalo. Saa ya kamani yataka kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka minne au mitano, hata kama haivaliwi sana, kwa sababu mafuta hukauka. Kwa hiyo, kabla ya kununua, nendeni kwa fundi aliye karibu, yule aketiye barazani na kioo chake cha jicho na bisibisi zake ndogo. Mtambo usiopatikana vipuri vyake ni mzigo, hata uwe wa fahari namna gani.

Wajumbe wetu walifanya hivyo. Mzee mwenyekiti akasema, "Fundi, saa hizi tatu zang'aa sawasawa. Wewe ungechukua ipi?"

Fundi akajibu, "Mzee wangu, niambieni kwanza, mwalimu ataivaa siku ngapi katika juma?"

"Jumapili, na siku za sherehe," akasema mama mweka hazina. "Siku nyingine yuko shambani."

"Vidole vyake ni vizima?"

"Vizima kabisa, fundi," akasema mwalimu kijana. "Mpaka juma lililopita alikuwa akiandika ubaoni."

Fundi akaifungua ile nyembamba, akasoma namba, akahesabu vito 17. Akasema, "Hii naijua. Vipuri vyake hupatikana, nami nimekwisha kuisafisha nyingine kama hii. Ile otomatiki ni nzuri, lakini ni ya mtu wa kila siku. Nayo hii ya betri, mama, sitaweza kuifanyia kitu ikifa."

Wakaichukua ya tatu. Fedha iliyobaki hawakuitumia kwa sanduku la mapambo. Waliiweka kwa ajili ya usafishaji wa kwanza, na ndani ya kifuko cha saa wakatia karatasi yenye tarehe ya kununua, namba ya mtambo, na tarehe ya kuirudisha kwa fundi.

SAA ILIYOMO SANDUKUNI

Neno la mwisho. Kabla hujaenda dukani, lifungue sanduku la baba au babu. Wazee wengi waliofanya kazi ya ualimu, ya ukarani, au ya mgodi wa Macalder kabla haujafungwa katika miaka ya 1960, walivaa saa za kutiwa ufunguo. Ikiwa imo moja yenye vito 17, na haikuingia maji, usiilazimishe kwenda, maana mafuta yake yamekauka na utaiumiza. Ipeleke kwa fundi kwanza. Huenda saa ya heshima uitafutayo ni ile iliyolala kimya miaka arobaini, ikingoja mkono wa kuitia ufunguo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini saa ya betri huenda majira kuliko ya kamani?
2. Otomatiki yamfaa mtu wa namna gani, na haimfai nani?
3. Utajuaje, pasipo kuifungua, ya kuwa saa iliyoandikwa otomatiki ni ya betri?
4. Je, fundi aliye karibu nawe aweza kuitengeneza saa utakayo kuinunua? Mwulize kabla hujalipa.